Miaka miwili na miezi saba: Beibi Klasi Februari hii, au tungoje mwaka?

MamaJinja
Ndugu zangu wa Uganda, naomba mawazo. Binti yangu ni wa Julai, kwa hiyo shule zikifunguliwa Februari atakuwa na miaka miwili na miezi saba. Nasari ya jirani imekubali kumchukua Beibi Klasi, darasa lao la kwanza, bila swali lolote, hata orodha wameshanipa: rimu mbili za karatasi, mifagio, sabuni, karatasi za chooni. Baba yake anasema aende, watoto wote wa mtaani wanakwenda, atacheza na nani? Mimi moyo unasita. Mchana bado analala, na nepi tumeiacha juzi tu. Naona njia tatu: aanze sasa, aanze Beibi mwakani, au angoje miaka miwili kisha aingie Mido, darasa la pili la nasari, moja kwa moja. Nyumbani anashinda na bibi yake. Ninyi mlifanyaje?

BabaMapacha, Mbale
Dada, piga hesabu ya mbele. Nasari ni miaka mitatu, Beibi, Mido, Topu, halafu P1, yaani darasa la kwanza la shule ya msingi. Akianza sasa, P1 ataingia na miaka mitano na miezi saba, wakati sheria ya elimu ya 2008 inataja miaka sita. Akianza Beibi mwakani ataingia na sita na miezi saba. Kwa hiyo akingoja hachelewi. Akianza sasa ndipo anapowahi.

Wangu waliwahi. Nasari waling'ara, siku ya mahafali ya Topu wamevaa joho, sisi tunapiga picha. P2 ndipo tuliposhtuka. Kazi za nyumbani hadi saa tatu usiku, mtoto anasinzia juu ya daftari. Mwisho wakarudia darasa, na umri ule mtoto anaelewa kabisa kwamba wenzake wamemwacha. Mmoja alikataa kuvaa sare wiki nzima. Mwaka wa kungoja ni nafuu akiwa na miwili kuliko akiwa na saba.

Mwalimu_Bombo
Nafundisha nasari mwaka wa kumi na moja sasa. Umri nauangalia, lakini kwanza nauliza: akibanwa na haja, anaisemaje, na kwa lugha gani? Huku kwetu watoto wanakuja na Kinubi na Kiswahili, msaidizi wa darasa pengine anajua Kiganda na Kiingereza tu. Mtoto mmoja alisema "nataka haja" mara tatu. Msaidizi akadhani anaomba uji, akamletea kikombe. Mtoto akajikojolea huku amekishika kikombe kile kwa mikono miwili, hakukiachia. Baada ya hapo alikataa kunywa chochote shuleni muhula mzima.

Kuhusu Mido moja kwa moja, inawezekana, na nimewapokea wengi. Awe anavaa viatu mwenyewe, anashika krayoni, anakaa kusikiliza hadithi mpaka iishe. Ila ulizia mapema, shule nyingine hazikubali. Na kabla ya kulipa chochote nenda ukaone choo cha wadogo na mahali wanapolala mchana. Kama hawana pa kulala, wa miaka miwili na nusu atalala kichwa mezani.

MamaK_Busia
Dada yangu yuko Busia ya upande wa Kenya. Kule chekechea ni miaka miwili tu: wanaanza PP1, darasa lake la kwanza, na miaka minne, kisha Gredi ya Kwanza wakiwa na sita. Kwa hiyo Mido na Topu zinatosha.

Lakini nami niseme langu. Mimi nauza sokoni. Wangu alikuwa akiachwa na msichana wa jirani ambaye mwenyewe alikuwa mtoto. UPE, ule mpango wa elimu ya bure, tangu 1997 inahusu shule ya msingi, nasari unajilipia, mihula mitatu kila mwaka. Nililipa kwa taabu kwa sababu kule nasari kulikuwa na lango linalofungwa. Wewe una bibi. Hiyo ni mali.

Abu_Arua
Wangu aliingia Beibi Februari 2020. Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, hadi Januari 2022! Alirudi akaingia Topu, na muhula wa tatu alikuwa anasoma sawa na wenzake. Lakini bibi yake alikuwa akimhesabisha maharagwe kila jioni wakichambua. Mtoto wa nyumba ya pili alizurura tu miaka ile miwili, na alipata shida sana. Mama, huyo bibi anaongea naye, au redio ndiyo inayomlea?

MamaJinja
Anaongea naye mchana kutwa, Kiswahili na Kisoga. Asanteni. Nimemsomea baba yake hesabu ya Mbale, akanyamaza, kisha akaomba nirudie. Tumekubaliana hataenda Februari. Jumatatu nakwenda kuuliza kama baada ya miaka miwili watampokea Mido, na choo nitakiona kwa macho yangu. Wasipokubali, ataanza Beibi mwakani. Kuhusu wenzake wa kucheza nao, wa Beibi wanatoka saa sita mchana, atawasubiri langoni na bibi yake.

Mwalimu, nimemuuliza haja anaisemaje. Anasema "bibi, njoo". Basi tunaanzia hapo.