Mzee yuko Lamu, dawa ya Parkinson haimsaidii: tuanzie wapi?

Birmingham:
Assalaam alaykum nduguzangu. Mzee wetu ana miaka 71, yuko Mkomani, Lamu. Ameambiwa ana Parkinson, maradhi ya ubongo yanayokakamaza na kutetemesha mwili, anameza levodopa na kabidopa nusu kidonge mara tatu kwa siku. Bado amekakamaa, hatetemeki, na akianguka huanguka chali. Ndugu wengine wanataka apandishwe ndege aje huku, wengine wanasema dawa ibadilishwe. Mwenye ujuzi atuelekeze.

Toronto (muuguzi wa maradhi ya neva):
Waalaykum salaam. Ndege ingoje kwanza. Aliyeko nyumbani apige picha dawa zote alizo nazo mzee, hasa za kizunguzungu na kutapika. Sinarizini, ambayo kwetu hutolewa ovyo kwa kila anayesema kichwa kinazunguka, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwendo wa mwili, ambayo levodopa huiongeza. Kadhalika metoklopramaidi, ya kutapika, na haloperidoli. Dawa hizi peke yake zaweza kumkakamaza mtu akaonekana ana Parkinson, na hata zikiachwa, mwili huchukua miezi kutengemaa. Daktari ndiye azitoe, hususan kama haloperidoli alipewa kwa maradhi ya akili.

La pili ni hiyo nusu. Kama kidonge chake ni 250/25 (levodopa miligramu 250, kabidopa 25), basi kwa siku anapata levodopa miligramu 375 na kabidopa 37.5 tu. Kabidopa ndiyo inayoilinda levodopa isivunjwe kabla haijafika ubongoni, na kwa kawaida huhitajika miligramu 70 hadi 100 kwa siku. Ikipungua, mgonjwa hupata kichefuchefu. Akilalamika hupewa metoklopramaidi, inamkakamaza zaidi, kisha watu husema levodopa imeshindwa! Mwulizeni daktari kuhusu kidonge cha 100/25: kimoja mara tatu tayari ni kabidopa 75. Kiwango kipandishwe polepole, hata levodopa ikaribie miligramu 1,000 kwa siku akiistahimili, na akae nayo mwezi mzima. Ameze nusu saa kabla ya chakula, kwani protini ya samaki na nyama hushindana nayo.

Ikiwa baada ya hapo hakuna nafuu, ndipo tuzungumze maradhi mengine.

Leicester (daktari):
Naafikiana na dada. Ila kuanguka chali mapema hivyo kunanitia shaka ya PSP, maradhi yanayoharibu sehemu za ubongo zinazoongoza macho na mizani. Mrekodini video. Kichwa kitulie, macho yafuate kidole juu na chini, kisha ayarushe haraka baina ya vidole viwili, kimoja juu na kimoja chini. Mwendo wa macho wa juu na chini ukiwa mzito, hiyo ni alama kubwa. Arekodiwe pia akiinuka kitini bila kushika, akitembea na kugeuka. Video hiyo itamfaa daktari wa neva kuliko barua ndefu.

MRI, picha ya ndani ya ubongo, ifanywe Mombasa. Faida yake ya kwanza ni kutafuta mambo mengine, kama viharusi vidogovidogo au maji yaliyojaa ubongoni, ambayo hutibika kwa kuwekewa mrija. MRI ikiwa safi mwanzoni haifuti PSP. Na msimlete Ulaya kwa ajili ya picha ya dopamini, ile DaT: haitenganishi Parkinson na PSP wala MSA, maradhi yanayoharibu pia neva zinazoongoza presha na mkojo.

Mkono mmoja ukiwa umekakamaa na hautii amri, fikirini kortikobasali, maradhi mengine ya ubongo yanayofanana na Parkinson. Akiona watu wasiokuwepo, na akili leo iko kesho haipo, huenda ni maradhi ya Lewy, yanayoharibu akili pamoja na mwendo. Huyo haloperidoli yaweza kumdhuru vibaya sana.

Birmingham:
Ahsanteni. Presha hupimwa akiwa amekaa, 150/85, na wamempa dawa ya kuishusha. Usiku huamka mara nyingi kukojoa, wanataka kumpasua tezi dume.

Leicester:
Msikubali upasuaji bado. Alale dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe dakika ya kwanza na ya tatu, mtu akimshika. Namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, presha inaanguka. Angalieni na mapigo: presha ikishuka 40 na mapigo yakaongezeka matano tu, neva ndizo zilizoshindwa, na MSA inaingia kwenye orodha. Dawa ya presha basi ipitiwe upya. Ultrasaundi ya kibofu ifanywe baada ya kukojoa. Mkojo ukibaki zaidi ya mililita 100, dawa za kuzuia mkojo zaweza kumziba kabisa. Mwenye MSA akipasuliwa tezi dume aweza kubaki anavuja mkojo daima.

Mrekodini pia akilala. Mlio mwembamba wakati wa kuvuta pumzi si kukoroma kwa kawaida: koo linafunga, na hilo ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Minneapolis (mtaalamu wa mazoezi ya viungo):
Nyumba zetu za Lamu hazimhurumii mtu huyu. Ngazi ni kali, vizingiti viko juu, na mwenye PSP haoni miguuni pake. Mteremsheni chumba cha chini. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti, maana kuinuka pale ndiko kunakoangusha presha. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa magogo sentimita 15 hadi 30, mito haitoshi. Asubuhi, kabla ya kuinuka, anywe nusu lita ya maji kwa mkupuo, ila tu kama hapaliwi.

Sala aswali amekaa: kutoka sijda kwenda kusimama ni hatari kwake. Fremu ya kutembelea iwe nzito mbele, nyepesi haimzuii kwenda chali.

Chakula: akae wima, sahani iinuliwe usawa wa macho, kidevu kielekezwe kifuani anapomeza, na asilale kwa nusu saa baadaye. Mkate wa mofa mkavu na wali mtupu uondolewe. Uji mzito na viazi vilivyopondwa kwa tui vinapita vizuri. Akianza kukohoa kila anywapo chai, msingoje homa ya mapafu. Tafuteni mtu wa kumpima kumeza.

Toronto:
Nami naongeza: machozi ya dawa. Hapepesi macho, na upepo wa kaskazi utayakausha.