Esi mbili kwenye meza ya mbao: tupeane uzoefu

Wadau, nazungumzia limiti holdem, poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, dau likiwa na kiwango maalum, si ile poka yetu ya "niko kadi". Meza yetu iko South B, kila Ijumaa jioni, watu tisa. Dau ni mbao (shilingi ishirini) kwa raundi mbili za kwanza, arobaini kwa mbili za mwisho, hakuna cha kusukuma kete zote katikati. Wiki jana nilishika esi mbili. Hizo hutoka mara moja katika 221, nikaona nizifiche: nikatia mbao yangu kimyakimya kama mtu asiye na kitu. Tukaingia wanane. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani: kingi, nane, tatu. Nikapiga dau, nikaongezewa, nikaongeza, mpaka tukafika kikomo cha kuongeza. Jamaa wa dau la lazima, lile linalotiwa kabla ya karata kugawiwa, alikuwa na nane na tatu, na alikuwa ameziona flopu bure. Bure! Nani mwingine zimemfia mkononi? Mwageni stori.

Mkaazi wa Umoja
Pole, lakini hata ungeongeza angekufuata, watu wa aina hiyo tunao kwetu. Ila angelipa mbao nyingine, pamoja na wale sita wengine. Mimi nilipoanza niliambiwa esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama mara 85 katika 100, dhidi ya wanne 56 hivi, dhidi ya tisa 31. Hiyo 31 ilinitisha, nikaanza kuzichukia. Siku moja kwenye matatu nikapiga hesabu nyuma ya risiti: mkiwa kumi na kila mtu ametia sawa, nimetoa sehemu moja ya kumi, na poti, yaani pesa zote za mezani, naibeba karibu mara moja kwa kila tatu. Sasa hapo nataka mbao ziingie chache ama nyingi?

Mama Kete
Yangu ni ya uoga. Kingi mbili, nikaongeza, tukabaki sita: 240 mezani. Flopu tisa, nne, mbili, kopa mbili ndani. Nikapiga, watatu wakafuata, 320. Karata ya nne jeki ya maua, nikapiga arobaini, akabaki kijana mmoja tu. Ya mwisho ikatoka esi ya shupaza. Mimi nikapita bila kutia dau, yeye akapiga. 440 mbele yangu, naombwa arobaini. Nikaitazama ile esi, nikatupa kingi zangu. Akafunua saba na sita za kopa, akicheka na mdomo umejaa chapati. Ilitosha niwe nashinda mara moja katika kumi na mbili ili ile arobaini ilipe. Nililala na hiyo 440.

Mkaazi wa Umoja
Na usimwone mjinga. Alihitaji kopa moja tu zitimie tano, na tisa zilikuwa zimebaki kati ya karata 46 asizoziona, yaani anazikosa mara nne kwa kila moja anayopata, na poti ilimpa tisa kwa moja. Alifuata sawasawa. Nawe ulipiga sawasawa, maana mara nyingi hiyo arobaini inakuja kwako.

Babu wa Pangani
Mimi nimekulia Mombasa, hizo esi kwetu ni ree. Mama Kete, nakubali, lakini si kwa kila mtu. Tuna mzee mmoja hapa, akiongeza dau kwenye karata ya nne huwa ameweka chini kikombe cha chai kwanza. Nimekilipa kile kikombe miaka miwili nikiwa na jozi kubwa. Siku hizi nikisikia tu kikigusa meza, natupa. Poti iwe kubwa vipi.

Fundi Kompyuta
Mnajua 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu iitwayo Cepheus inayocheza limiti holdem karibu bila kosa?

Babu wa Pangani
Hiyo ni ya watu wawili, kijana. Hapa tuko tisa na kuna chai.

Mwanzisha mada
Nimerudi na mrejesho. Jana, amini usiamini, esi mbili tena. Safari hii nikaongeza. Wakafuata wote saba. Yule wa nane na tatu alitia kete zake huku akiuliza nani amekula kachumbari. Flopu: esi, sita, sita. Nikapiga. Stima zikapotea. Nikazibana karata zangu mezani kwa kidole mpaka simu zikawashwa, tukaendelea hivyohivyo, nikipiga kila raundi, na yeye akinifuata mpaka ya mwisho. Nilipofunua, alisogeza simu yake, akazimulika esi moja moja, akaniuliza kwa nini leo sikuzificha.