Naomba ushauri: herufi ũ na ĩ zinaniumiza kichwa

Habari zenu wadau. Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Thika. Kazi nyingi ni za Kikuyu: nyimbo za kanisa, ratiba za mazishi, orodha za vyama vya akina mama.

Mimi ũ naiandika hivi: kwenye Word nachapa 0169, kisha Alt na X, inageuka yenyewe. ĩ ni 0129. Shida ni pale herufi iliyotangulia ni a hadi f, maana namba hizi za herufi hutumia pia a hadi f kama tarakimu, basi Word huimeza kama sehemu ya namba. Hapo natanguliza U+ ndipo inakubali.

Sasa juzi nimeletewa orodha ya majina iliyochapwa kwa simu. Natafuta Mũthoni, kompyuta inasema hakuna, na huku namwona kwa macho yangu! Nilipofuta mara moja, kiwimbi kikatoka, u ikabaki. Kumbe aliyechapa alitumia u ya kawaida na kiwimbi cha kubandika juu, namba yake 0303, wakati yangu ni herufi moja kamili. Kwa macho ni pacha, kwa mashine ni vitu viwili.

Nisaidieni: kuna njia ya kugeuza faili zima kwa mpigo ziwe za aina moja? Majina ni zaidi ya 300. Pia kama kuna kibodi ya Kikuyu ya Windows mnayoitumia na haiwasumbui, nielekezeni. Mteja anarudi Ijumaa, na si mtu wa kungoja.