Nimebakiza wiki tatu kustaafu. Nikiaga, niage kabisa?

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, habari zenu. Nimefundisha hesabu miaka 33, tisa ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Mafao nimeshayapigia mahesabu, siyo yanayoninyima usingizi. Shida ni huyu anayenipokea. Nilimfundisha mwenyewe, enzi za kaptula, na sasa ananiambia, "Mwalimu, usipotee, uwe unapitapita." Mlango wa stoo ya vitabu haufunguki mpaka uusukume kwa goti huku unazungusha ufunguo. Mambo kama hayo nani anayajua? Niwe napita, au nikiaga ndiyo basi?

Benchi la Akiba:
Usipite. Ferguson alistaafu Manchester United mwaka 2013 baada ya miaka 26 na ushee, akawa anakuja kutazama mechi jukwaani. Timu ikifungwa, kamera inamtafuta yeye. Moyes aliyempokea hakumaliza hata msimu mmoja, Aprili 2014 akatimuliwa. Sisemi mzee ndiye aliyemponza, kikosi chenyewe kilishachoka. Ila ile sura kule juu haikumsaidia mtu.

Mama Mafaili:
Mkuu, hapo napingana nawe. Nyerere aling'atuka urais 1985, uenyekiti wa chama akabaki nao hadi 1990. Na Mwinyi bado alifungua milango ya biashara ambayo mzee alikuwa ameifunga. Anayejiamini hatishwi na mzee.

Nilishatoka:
Nyerere alibaki na cheo, mama. Mwalimu wetu anataka kubaki bila cheo, na hapo ndipo pabaya: unapita kusalimia, unakuta ratiba ubaoni, unasema "hii mbona hivi?" Ukishatoka, walimu wanaifuata kauli yako na kumwacha yeye. Mimi niliyafanya hayo miezi minne, mpaka siku moja nilipoingia ofisini wakanyamaza wote.

Mandela mwaka 2004, alipoona kustaafu kwake ni kwa jina tu, aliwaambia watu: msinipigie, nitawapigia mimi. Wewe igeuze. Yeye akupigie, wewe usimpigie.

Mwalimu wa Zamu:
Hiyo ya simu nimeichukua. Ya ratiba imenichoma, maana jana tu nimeifanya.

Leo nimefunga kikaratasi kwenye ufunguo wa stoo: "goti la kulia, chini ya kitasa." Nikamwachia afungue mwenyewe. Katumia goti la kushoto. Ukafunguka.