Naomba ushauri: nampeleka mama mkwe kula Masaki

Wakuu, salamu. Jumamosi hii mke wangu anatimiza miaka 30, na mama yake amekuja kutoka Tanga. Nimeahidi kuwapeleka kwenye mgahawa mmoja wa hadhi kule Masaki, upande wa baharini. Mdomo umeponza kichwa.

Jana nilipita kuchungulia menyu. Chupa ndogo ya maji elfu sita! Samaki wenyewe kipande kama kiganja cha mtoto, pembeni wamechora mchuzi kwa kijiko, elfu 55. Na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi: bei hazijajumuisha VAT. Yaani ongeza asilimia 18 hapo. Nikamuuliza mhudumu kama kuna changu mzima wa kukaanga, akatabasamu tu.

Tupo watu wazima wanne, nimetenga laki tatu. Zitatosha, au tuagize sahani chache tugawane? Bakshishi huwa mnaacha kiasi gani, na kama wameshaweka gharama ya huduma kwenye bili, bado natakiwa kutoa?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni mama mkwe. Yeye amezoea kula kwa mkono, na pale kila mtu kawekewa uma mbili na visu viwili. Niwaombe maji ya kunawa mezani, au nitamwaibisha? Mke wangu anasema "mama atajijua". Wenye wakwe wa Tanga mnaijua kauli hiyo, haina dhamana.

Nisaidieni kabla ya Ijumaa, maana meza lazima niiwekee nafasi mapema.