Nilimwambia fundi asikate dashibodi, akaikata. Gari la 1984, wakuu!

Wakuu, siku tatu sijaandika kitu humu kwa sababu nilijua nikishika simu nitatukana. Leo naandika.

Nina gari la mwaka 1984. Rangi ya kiwandani, viti vile vile, na redio ile ile iliyokuja nayo. Kitufe cha kuzungusha cha kushoto ni cha sauti, cha kulia cha kutafutia stesheni, katikati vibonyezo vitano na mshale mwekundu unaotembea nyuma ya kioo. Usiku ukiwasha taa, kioo kile kinawaka kijani hafifu. Nalipenda gari hili kwa vitu kama hivyo. Shida ilikuwa sauti tu: spika zake za karatasi zilishachanika pembeni, ukiongeza kidogo zinakwaruza.

Nikampelekea fundi wa redio za magari. Nilimwambia, na nikarudia: kisionekane kitu. Redio ibaki, dashibodi isiguswe. Amplifaya ndogo ikae chini ya kiti cha abiria, spika mpya ziingie kwenye matundu yale yale ya zamani, na kifaa cha Bluetooth kifichwe nyuma ya redio nicheze muziki wa simu. Akajibu, "Hiyo kazi ndogo sana bosi." Nikamwachia ufunguo.

Jioni narudi, dashibodi imekatwa kwa msumeno. Kingo zina meno meno, na ufa umetoka kwenye kona ya tundu ukapanda mpaka kwenye mdomo wa hewa. Ndani yake kachomeka redio ya kioo inayowaka bluu. Redio yangu nimeikuta sakafuni nyuma, imefungwa gazeti, nyaya zimekatwa pale pale shingoni, soketi haipo.

Eti redio mpya haiingii bila kukata. Ndiyo haiingii! Redio za kisasa za tundu moja zina kipimo cha milimita 180 kwa 50. Hizi za zamani zilishikiliwa na vishina viwili vya vitufe vinavyopita kwenye matundu madogo ya dashibodi. Kila anayeshika magari ya zamani analijua hilo, na ndiyo sababu sikuagiza redio mpya. Nani alimtuma?

Na msiniambie hakukuwa na njia. Fundi anayejua kazi anaifungua redio ya zamani, anaingiza sauti ya Bluetooth kabla ya kitufe cha sauti, na kitufe kile kile kinaendelea kupandisha na kushusha. Kutoka hapo waya za spika zinapita kwenye kile kisanduku kidogo cha kupunguza nguvu ya mawimbi, wengi wanakiita konveta, ndipo sauti inaingia kwenye amplifaya. Uso wa redio haujaguswa. Ukichoka, unachomoa kila kitu na gari linarudi lilivyokuwa.

Akaendelea kuitetea hiyo redio yake kwamba ina wati 50 mara nne. Hizo ni wati za kilele, za kwenye boksi. Umeme wa gari ukiwa volti 14 na kidogo, spika ya omu 4, redio isiyo na amplifaya ya pembeni inatoa kama wati 20 za kweli kwa kila spika. Kwa hiyo kanikatia dashibodi kwa ajili ya namba ya kwenye karatasi.

Nilipofika nyumbani nikainua zulia. Hapo ndipo hasira ilipogeuka kuwa woga. Waya mnene wa amplifaya umetoka moja kwa moja kwenye betri BILA FYUZI, ukapita kwenye tundu la bati alilotoboa mwenyewe, bila hata mpira wa kuuzuia usikatwe na kingo. Fyuzi inatakiwa iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 au hivi, kwa sababu waya ukichunika ukagusa bodi, kinachofuata ni moto. Mimi nabeba watoto humo!

Halafu waya wa kuiwasha amplifaya kauunganisha kwenye umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo hailali hata nikichomoa ufunguo. Siku ya pili asubuhi betri imekufa. Na nyaya za sauti kazifunga tepu pamoja na ule waya wa umeme, kwa hiyo nikikanyaga mafuta spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Spika moja kaigeuza chanya na hasi, besi imepotea. Hilo angeligundua kwa betri ndogo ya volti moja na nusu: unagusisha, unaangalia karatasi ya spika inasogea mbele au inarudi nyuma. Dakika moja tu.

Umeme nimeshauchomoa wote. Mluzi, besi na fyuzi vinatengenezeka. Dashibodi ndiyo inayoniuma. Plastiki ya miaka arobaini iliyopigwa jua haiungiki, ukiibana kwa skrubu inapasuka upande mwingine.

Fundi nimemfuata, anasema nilete hela aninunulie fremu ya kuzibia tundu. Fremu!

Naombeni, anayejua mahali wanapochinja magari ya miaka hiyo aniambie. Nataka dashibodi ya kahawia ambayo haijakatwa, na soketi ya redio ikiwa na nyaya zake. Na kama kuna aliyewahi kuunga ufa wa namna hii kwa nyuma ukashika, aweke picha.