Mrejesho: kisima kilichokauka Ruai

Asanteni sana wote. Mwezi wa Januari niliuliza kama maji ya mvua kutoka paani yanaweza kufufua kisima chetu kilichokauka hapa Ruai, Nairobi. Nilimsikiliza aliyesema nichuje kwanza: shimo lenye kokoto, changarawe na mchanga, na mvua ya kwanza, ile ya kuosha vumbi na mavi ya ndege, imwagwe nje. Masika yalipoisha tulikuwa na futi nane za maji kisimani! Sasa zimebaki mbili. Tena fundi aliweka mchanga mchafu, ikabidi niuoshe wote upya, karai kwa karai (mgongo bado unalalamika). Ya kufua na sukuma wiki yanatosha. Ya kunywa bado tunanunua, kwani mchanga hauondoi floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi.